Vipimo vya Mama Sindano

Nje ya chumba cha kujifungulia palikuwa na benchi moja la mbao, na usiku ule lilikuwa limebeba watu wawili na chupa moja mpya ya chai. Chupa ilipakatwa na mkwe, fundi wa kupaka rangi, ambaye kucha zake bado zilikuwa na weupe wa kazi ya mchana. Pembeni, upande wa mlango, alikaa mama mkwe wake, mshona nguo ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sindano. Tangu binti yake aingizwe mle ndani, macho yake yalikuwa hayajabanduka mlangoni.

"Mama, si ungejinyoosha kidogo?"

"Nijinyooshe vipi, na mwenzangu yuko kwenye uchungu?"

Mkwe akanywea. Siku hiyo alikuwa ameshakosea mara moja. Jioni mama alimpigia simu kazini, akamwambia aje upesi, chupa imepasuka. Naye, kwa upole wake wote, akajibu, "Usijali mama, nitapita dukani nichukue nyingine," akakata simu. Mama Sindano alibaki ameduwaa, simu mkononi, huku binti amesimama katikati ya sebule, maji yanamtiririka miguuni. Binti aliposikia jibu la mumewe aliangua kicheko, na kicheko hakijaisha uchungu ukambana, akashika meza. Mkwe alitokea baadaye na chupa yenye maua mekundu. Alipoelezwa ni chupa ipi iliyopasuka, nusura aikalie ile aliyoinunua.

"Na hata chai hukutia," Mama Sindano alimwambia sasa.

"Dukani wanaziuza tupu, mama."

Siku nyingine angecheka. Lakini moyo wake ulikuwa juu juu, na sababu aliijua yeye peke yake. Huyu binti, mtoto wake wa pekee, alizaliwa kwa kupasuliwa. Mama alikuwa amehangaika na uchungu hadi akapoteza fahamu, na alipozinduka daktari akamwambia nyonga zake ni nyembamba. Neno hilo halikumtoka. Mwaka uliopita, akimshonea binti gauni la harusi, alipitisha tepu nyongani akakuta kipimo kilekile alichokuwa nacho yeye usichanani. Alilishona gauni lile huku machozi yakimlengalenga, na majirani wakadhani ni furaha.

Mlango ukafunguka kidogo. Mkunga, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, akatoa kichwa.

"Mama yake ni wewe? Anaendelea vizuri. Njia imefunguka sentimita sita."

Sentimita Mama Sindano alizijua kama vidole vyake. Aliiona sita mbele ya macho yake: upana wa ukosi wa shati.

"Mtoto mzima apite kwenye sita?"

"Sasa hivi hapiti. Tunangoja kumi. Uzazi wa kwanza huenda polepole, na nimemwambia asisukume mpaka njia ifunguke yote."

"Na mbona kanyamaza?"

"Anapumzika. Uchungu unakuja, unaondoka. Ukiondoka anakunywa maji, anatembeatembea, anavuta pumzi. Ukimsikia kimya usishtuke."

Mama Sindano akainuka, akamsogelea, akashusha sauti ili mkwe asisikie. "Nisikilize, mwanangu. Yule nyonga zake ni kama zangu. Nimempima kwa mkono wangu mwenyewe. Kama ni kisu, mpeni kisu mapema, msimchoshe bure."

"Ulimpima kwa kitu gani?"

"Kwa tepu. Mimi fundi wa nguo."

Mkunga akatabasamu. "Basi ulipima za kushonea sketi. Mtoto anapita ndani ya mfupa, mama, na mfupa haupimwi juu ya sketi. Huyu kichwa kimetangulia, kinashuka, na moyo wake unadunda vizuri, kila mara nausikiliza. Tukiona shida daktari yupo, tutamwita. Kwa sasa hakuna shida, kuna uchungu tu."

Mlango ukafungwa.

"Kuna uchungu tu," Mama Sindano akarudia, akarudi kukaa. "Utadhani kuna mafua tu."

Hata hivyo, tangu hapo alisikiliza kwa sikio jingine. Binti alipoguna, naye alikunja uso. Ukimya ulipokuja alisubiri, akasikia ndala zikiburuzwa sakafuni, akajua anatembea. Dirisha la ukumbini likaanza kuwa jeupe. Kisha miguno ikabadilika, ikawa mizito, ya kutoka chini kabisa, kama ya mtu anayeinua gunia, na sauti ya mkunga ikapenya mlangoni: "Sasa, sukuma. Hapo hapo. Haya, pumzika."

"Mama, unanivunja mkono," mkwe akanong'ona.

"Nyamaza, tunasukuma."

Wakasukuma. Wakapumzika. Wakasukuma tena, mpaka mle ndani mtoto akalia, sauti nyembamba yenye hasira. Mkwe akasimama, akakaa, akasimama tena, machozi yanamchuruzika.

Mama Sindano hakutikisika. Mtoto alikuwa amelia, lakini sauti ya binti yake hakuisikia, na mlango bado ulikuwa umefungwa.

"Mama, amezaa. Mbona hufurahi?"

"Nimemsikia wako. Wangu sijamsikia."

Akaenda kugonga. "Mkunga, mtoto wangu yukoje?"

"Tunangoja kondo la nyuma litoke. Vumilia kidogo."

Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Ni wanawake wangapi aliosikia kwamba waliishiwa damu hapo hapo, mtoto akiwa tayari kifuani? Alipoinua ngumi mara ya tatu, sauti iliyokauka, ya mtu aliyechoka vibaya, ikatoka ndani.

"Mama, acha kugonga bwana. Unamwamsha."

Akajiegemeza ukutani, akashusha pumzi ndefu aliyoibana tangu siku ile ya gauni, na kicheko kikamtoka mwenyewe bila kukiita. Mkwe akamshika bega. "Kapita," akamwambia mkwe. "Kapita mlemle."

"Nani kapita, mama?"

"Wewe huwezi kuelewa."

Walikaa hivyo hadi kitasa kikazunguka na mlango ukafunguka wote. Mkunga alikuwa anajifuta mikono, uso umemng'aa.

"Kondo limetoka zima, na damu si nyingi," akasema. "Bibi, karibu ndani."

Mama Sindano akageuka nyuma kumtazama huyo bibi anayeitwa.