Faini ya Lori Lililokuwa Gereji: Dereva wa Kitengela Aliyekataa Kulipa

Saa kumi na mbili asubuhi, Zipporah Sironka analizunguka lori la tani saba, akipiga kila gurudumu teke la kisigino. Yuko nyuma ya soko la Kitengela. Amebeba matangi ya plastiki ya kupeleka Arusha. Atarudi na vitunguu. Anavuta kamba ya upande wa kushoto, anatikisa kichwa, anaifungua na kuanza upya.

“Hizi tanki ni nyepesi,” anasema. “Upepo wa Isinya ukizishika, utazifuata kwa mashamba ya maua ya watu.”

Zipporah, 38, mzaliwa wa Bissil na mama wa watoto watatu, amevuka mpaka wa Namanga kwa miaka sita. Juni mwaka jana nusura kazi hiyo imponyoke, kwa sababu ya faini ya kosa ambalo hakulitenda.

Tarehe 12 mwezi huo alivuka kurudi nyumbani saa tano asubuhi. Kabla ya kufika Isinya, gia zikagoma. Lori lilivutwa hadi kwa fundi Mutunga, Kitengela, na kesho yake likashinda hapo, gia boksi ikiwa sakafuni.

Wiki moja baadaye, ujumbe uliingia kwenye simu ya mwenye lori, Mulinge. Ulisema lori lake lilipigwa picha nje ya Arusha tarehe 13, saa nane mchana, likienda kilomita 78 mahali pa 50. Faini ilikuwa shilingi elfu thelathini za Tanzania, kama elfu moja mia tano za Kenya.

“Lipa tu, Zipporah,” Mulinge alimwambia. “Hiyo ni pesa kidogo.”

“Boss, hiyo siku lori ilikuwa kwa Mutunga. Wewe mwenyewe ulikuja ukaiona.”

“Mimi siwezi kubishana na serikali ya watu.”

Zipporah hakatai faini kwa mazoea. Machi mwaka huohuo alinaswa akienda 61 mahali pa 50, na akalipa siku hiyohiyo kutoka mfukoni. “Hiyo ilikuwa yangu,” anasema. “Nilikuwa nakimbia, nikashikwa.”

Lakini Mulinge ana sheria yake: dereva mwenye faini mbili ndani ya mwaka mmoja havuki tena mpaka. Kulipa ya pili kungekuwa kukiri, na kukiri kungemwachia kazi ya kubeba mchanga wa Kajiado kwa nusu ya malipo.

Alipokataa, Mulinge alichukua funguo na kumpa dereva mwingine lori lifanye kazi za karibu. Kwa safari moja ya Arusha Zipporah hulipwa elfu nne, na huenda mara mbili kwa wiki. Alikaa nje wiki tatu. Alikuwa amepoteza elfu ishirini na nne kwa kukataa kulipa elfu moja mia tano.

Mumewe, Gideon, anayeuza nyama mjini Kajiado, alishindwa kuelewa. “Nilimuuliza, hii ni hesabu gani? Akaniambia, ‘Gideon, hii si hesabu.’”

Zipporah alichukua karatasi ya mpakani yenye muhuri wa tarehe 12 na barua ya Mutunga, akapanda gari kwenda Tanzania kuitafuta ofisi iliyotuma ujumbe. Safari ya kwanza aliambiwa mhusika hayupo. Wiki iliyofuata alirudi, akakuta askari kijana mezani.

“Dada yangu, ungelipa kwanza, halafu malalamiko yafuate,” askari alimshauri kwa upole.

“Afande, nikilipa nitakuwa nimesema ni mimi. Na si mimi.”

“Sasa utafanyaje?”

“Nitakaa hapa. Niko na chai kwa chupa.”

Alikaa kwenye benchi kuanzia saa tatu. Saa nane kasoro askari akamwita, akafungua picha kwenye kompyuta. Lori la pichani lilikuwa na kichwa chekundu. La Mulinge ni jeupe. Herufi ya mwisho ya namba ilikuwa G. Mtu aliisoma C.

“Wiki tatu,” anakumbuka. “Kumbe ni herufi.”

Askari alimwomba radhi. Faini ilifutwa, naye akapewa karatasi yenye muhuri. Siku iliyofuata aliiweka mbele ya Mulinge, akadai funguo na malipo ya wiki tatu.

“Lakini hukufanya kazi,” Mulinge alijaribu.

“Nani alinikataza?”

Alirudishiwa funguo na nusu ya pesa. Nusu nyingine bado anaidai, na kila Ijumaa anamkumbusha. Mulinge hakatai. “Nilikosea,” anasema. “Ningemsikiliza kabla ya kumnyang’anya lori. Nitamaliza kumlipa.”

Siku hizi madereva wengine humletea Zipporah jumbe zao za faini. Swali lake la kwanza ni moja: “Ni wewe ama si wewe?” Aliyekosa humwambia alipe na apunguze mwendo.

Ameshaweka akiba ya shilingi laki tatu na elfu kumi kwenye chama chao cha wanawake wa Bissil. Anataka kununua lori dogo la Canter la mkono wa pili kabla kifungua mimba wake hajaingia sekondari.

“Nitaandika jina langu kwa mlango, kubwa kabisa,” anasema, akipanda na kuwasha injini. “Mtu akiwa na swali ya spidi, ajue ni nani wa kuuliza. Nitamjibu.”