Macho ya Fundi Majani

Kazini walimwita Fundi Majani, kwa sababu kwa miaka tisa alikuwa akichora miti kwa kompyuta kwa ajili ya filamu za katuni. Hakuna aliyejua kwamba macho yake yalikuwa yanakufa. Daktari alimwambia waziwazi kuwa uoni wa katikati unaondoka, wala hautarudi.

Akaficha. Magome aliyamudu, maana alishuka hadi kwenye mti wa maegesho ya magari, akaupapasa mpaka akajua kina cha kila ufa, kisha akapanda ngazi mbio kurudi ofisini kuuchora kwenye skrini kabla hajasahau. Majani yalimshinda. Mishipa yake ni myembamba mno kwa vidole, na mwanga usipopenya kidogo, jani linaonekana la plastiki.

Kazi iliporudishwa mara ya nne, alimpigia mdogo wake simu ya video, akaielekeza kwenye skrini.

"Niambie, mishipa inaonekana?"

"Mishipa gani, dada? Naona kijani kitupu." Mdogo mtu akasogeza uso karibu na simu. "Kwani wewe huoni?"

Fundi Majani alijaribu kucheka, kilio kikamtoka mbele ya ofisi nzima. Bosi alipomuuliza kulikoni, alisema yote.

Kazi ya majani akapewa mwenzake saa hiyo hiyo. Yeye akaachiwa magome. "Kwa sasa," alisema bosi, bila kumtazama usoni.

Simu ilikuwa bado haijakatwa.

"Dada, nakuja kukuchukua."

"Usije," alijibu, akijipangusa machozi kwa kiganja. "Nina gome la kumaliza."