Vijiko vya Sahani za Binti Yangu

Usiku ule niliiweka simu juu ya meza, nikakaa kando yake kama mtu anayelinda maziwa jikoni yasifurike. Binti yangu mkubwa alikuwa ameniambia kwamba akishazungumza na mumewe atanijulisha usiku huohuo kama watakuja kutuona Jumapili au hawatakuja. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Nilifuta meza mara mbili ingawa haikuwa na kitu. Chumbani mume wangu alikuwa akikoroma, lakini nimeishi naye miaka ishirini na saba na ninajua kukoroma kwake kwa kweli na kukoroma kwake kwa kujifanya. Kukoroma kwa usiku ule kulikuwa kunakatikakatika. Alikuwa macho kama mimi.

Ujumbe uliingia karibu na alfajiri. "Mama, tunakuja Jumapili mchana. Mimi, yeye na mama yake. Baba anajua?"

Baba alikuwa hajui.

Miaka mitatu nyuma binti yetu aliacha masomo ya uuguzi akiwa amebakiza mwaka mmoja tu. Alihamia mji mwingine na kijana fundi wa majokofu, wakafungua karakana yao. Ada ya masomo yale baba yake aliipata kwa kuchonga funguo, ufunguo mmoja mmoja. Yeye ni fundi wa vitasa. Watu waliojifungia nje humwita hata saa za ajabu, naye huenda na mkoba wake wa ngozi na hakuna mlango uliowahi kumshinda. Siku binti alipobeba begi lake, baba yake alisimama sebuleni akamwambia, "Ukitoka kwenye mlango huu, usitegemee mimi nije kukufungulia." Binti akatoka. Tangu siku hiyo mume wangu hakulitaja tena jina lake. Kwenye ndoa nilikwenda peke yangu, nikawaambia watu ana homa.

Asubuhi nikamweleza. Alikoroga chai muda mrefu, ingawa sukari ilishayeyuka zamani.

"Waje," akasema. "Nyumba ni yako pia."

"Na wewe?"

"Mimi nilishasema langu."

Akachukua mkoba wake akaenda kazini.

Labda mwanamke mwingine angekaa chini alie. Mimi nilianza kufikiria vijiko. Mdomo wa mume wangu sikuwa na uwezo nao, lakini vijiko nilikuwa na uwezo navyo. Halafu kulikuwa na huyo mkwe mwenzangu, mama wa kijana. Siku ya ndoa nilimwona akikifuta kijiko chake kwa karatasi na kukiinua kwenye mwanga kabla ya kula. Mimi huosha vyombo kwenye kantini ya ofisi moja kubwa, mwaka wa kumi na mbili sasa, na mtu anayeinua kijiko kwenye mwanga namjua. Huyo hatasema kitu mezani. Atasema akifika kwake.

Sahani nilikuwa nazo. Binti alinitumia sita mwaka uliopita, kwa pesa ya kwanza ya karakana yao. Ni sahani nzito, za kijivu cha wingu la mvua, na ukingoni zina mstari mwembamba wa buluu. Zilipofika mume wangu alilitazama boksi akasema, "Sisi tuna sahani." Nikalisukuma boksi chini ya kitanda, likakaa huko. Sasa nilitaka binti akute chakula ndani ya sahani zake. Ila kuziweka karibu na vijiko vyetu ilikuwa aibu. Vijiko vyetu vilikuwa kila kimoja na ukoo wake: kimoja cha bati, kimoja kimepinda shingo, kimoja kina maua ya hoteli ambako hatujawahi kulala.

Lakini kila kijiko kilikuwa na mwenyewe. Watoto walipokuwa wadogo waligombana kila mlo kwa sababu ya kijiko fulani, mpaka siku moja baba yao alichukua msumari na nyundo yake ndogo akapiga alama kwenye mipini. Alama moja ya baba, mbili zangu, tatu za binti mkubwa, nne za mdogo wake ambaye sasa yuko shule ya bweni. Ugomvi ukaisha. Hata mgeni alijua akikalia kiti cha mtu atasamehewa, akishika kijiko cha mtu hatasamehewa.

Ijumaa nilipotoka kazini nilikwenda kwa muuza vyombo tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki. Nilikuwa nimebeba sahani moja ndani ya taulo. Nilipoifungua kwenye kaunta yake alicheka.

"Mama, umekuja na sahani kabisa? Hapa hatupiki."

"Lete vijiko," nikamwambia. "Maneno nimeyaacha nyumbani ya kutosha."

Akaanza na vile vya rangi ya dhahabu, ndani ya boksi lenye utepe. Nilipitisha ukucha shingoni nikaona rangi imetulia juu juu tu. Kantini vilikuja kama hivyo, na kwa miezi mitatu tukawa na vijiko vyenye mabaka kama ndizi mbivu. Akaleta vyenye mipini ya plastiki. Hivyo maji ya moto huingia ndani ya mpini, na baada ya muda ukikitikisa kinalia. Akaleta vyepesi vya bei ya chini kabisa. Nilikilaza kimoja kwenye sahani, sahani ikakimeza. Kilikuwa kama mtoto aliyekalishwa kiti cha mkurugenzi. Nikakibonyeza shingo kwa kidole gumba, kikainama bila kubisha.

Redio alikuwa akiongea wakati wote huo, sijui nini. Mimi nilikuwa nimeshaona pakti moja nyuma yake, yenye vumbi. Vilikuwa vijiko visivyo na ua wala mchoro, mpini umepanuka kidogo mwishoni, chuma chake hakimeremeti sana, kimefifia vizuri. Nilikilaza kimoja kando ya sahani. Kijivu kikaelewana na kijivu. Nikakisawazisha juu ya kidole, hakikuangukia mbele wala nyuma. Nikapitisha ukingo wake mdomoni, haukukwaruza. Uma wake nao meno yalikuwa sawa, hakuna lililochongoka kuliko mwenzake. Na Redio hakuwa akilazimisha seti nzima. Nilichukua vijiko sita na uma sita, visu nikaviacha, maana nyumbani kwetu kisu kazi yake ni kitunguu.

Hata hivyo pesa haikutosha. Redio hununua vyuma chakavu kwa kilo, akasema nikimletea vya zamani atapunguza bei. Nikarudi nyumbani mbio. Nikamwaga droo yote ndani ya mfuko. Nikachukua na kopo lililokuwa chini ya sinki, nikalitumbukiza humo bila kulifungua. Nilipourudisha mfuko dukani, Redio akauweka kwenye mizani, akapiga mluzi.

"Uzito wa ndoa nzima huu, mama."

Nilicheka. Nilikuwa na furaha ya kijinga, kama mtu aliyekwisha kushinda.

Jumamosi jioni nilipanga meza kwa kujaribu. Watu watano. Nilisogea hadi mlangoni nikaitazama kama nitakavyotazamwa, nikaona hakuna pa kunikosoa. Mume wangu akaingia kutoka kazini, mkoba begani. Akaitazama meza, akazitazama na zile sahani, muda kidogo.

"Kama mgahawa," akasema. Kisha akauliza, "Changu kiko wapi?"

Nikamweleza habari ya Redio na mizani. Nilitegemea afoke. Badala yake aliuliza polepole, "Vyote?"

"Vyote. Na vile vya kwenye kopo."

Akanitazama, akautazama mkoba wake, akaenda kuoga. Sikuelewa.

Nilipojilaza ndipo lile kopo liliponirudia. Binti alipoondoka, kila mlo kijiko chake kilikuwa kikinitazama, nikakitia kwenye kopo pamoja na takataka nyingine za jikoni, nikalisukuma chini ya sinki na sikulifungua tena. Siku ya ndoa, akiwa na shela kichwani, watu wamemzunguka, jambo alilonong'ona sikioni mwangu lilikuwa hili: "Mama, kijiko changu bado kipo?" Nikamwambia kipo. Na mimi ninamjua mtoto wangu. Hatakaa sebuleni kama mgeni. Ataingia jikoni, atavuta droo, atatafuta alama zake tatu. Akikuta hazipo atajua hilo ndilo jibu la baba yake, na hatauliza. Atakula vizuri, atashukuru, ataondoka na hatarudi.

Kulipopambazuka nilikuwa mlangoni kwa Redio. Anaishi nyuma ya duka. Alitoka na macho mekundu, akanisikiliza, akaniambia nina bahati, mchukua vyuma anakuja Jumatatu. Akaburuta gunia hadi uani, akalimimina. Tulichutama wote wawili tukachambua: mifuniko, bawaba, vishikio vya sufuria. Nilikipata cha alama moja. Nikakipata changu, na cha alama nne. Kopo lenyewe nililikuta limebonyea; lilikuwa na upawa uliovunjika na vijiko viwili vya chai. Cha alama tatu hakikuwemo. Tulirudia toka mwanzo. Redio alinyamaza, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya.

Aligoma kuchukua hela ya vile vitatu. "Nenda, mama. Nitasema mizani ilikosea."

Nilipika nikiwa sipo. Nilionja chumvi mara nne na sikumbuki ilikuwaje. Kichwani nilikuwa nikitunga uongo: nitasema nimekificha mahali pazuri, nitasema mdogo wake amekwenda nacho shule. Kila uongo nilioutunga nilimwona binti akiusikiliza kwa adabu.

Mume wangu alikuwa ametangaza tangu asubuhi kwamba ana mteja, ataondoka kabla wageni hawajafika. Lakini saa sita ilifika akiwa bado amekaa. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, na si mimi niliyelipiga. Mkoba wake ulikuwa kwenye kiti nilichomtengea mkwe mwenzangu. Nikaunyanyua niuweke chini, na ndani yake kitu kikalia.

Kwa miaka kumi na miwili nimesikia vyuma vikigongana ndani ya karai. Ufunguo una sauti yake, tupa ina sauti yake. Ile haikuwa ya ufunguo. Nikaufungua mkoba mbele yake. Chini, kando ya bakuli la chakula chake cha mchana, kulikuwa na kitambaa safi kimekunjwa vizuri, na ndani ya kitambaa kulikuwa na kijiko. Ukingo wake wa upande mmoja ulikuwa umelika, kwa sababu mwenyewe tangu utotoni hakuacha kukwangua chini ya sufuria. Mpini ulikuwa na alama tatu.

"Hicho ni cha kazini," mume wangu akasema.

"Kina alama tatu."

"Najua. Nilizipiga mwenyewe."

"Tangu lini?"

Alitazama dirishani. "Ulipokitupa kwenye kopo. Nilikitoa siku ya pili yake."

Miaka mitatu nimekuwa nikimfungia chakula, na sikuwahi kujiuliza anakila kwa kijiko kipi. Mimi ninayejisifu kwamba naona kila kitu. Nikakiosha kijiko, nikakikausha. Nikakiondoa kimoja cha vile vipya kwenye nafasi ya binti, nikakiweka hicho. Hakikufanana na sahani hata kidogo. Kilikuwa chepesi, cheupe vibaya, kimelika upande. Mkwe mwenzangu akipenda akiinue kwenye mwanga mpaka achoke.

Mume wangu alinyoosha mkono akakisogeza kidogo, kikae sawa na ukingo wa sahani. Kisha akaniuliza na cha kwake kiko wapi. Nikampa, akakiweka mbele ya kiti chake. Mkoba akautia chini ya meza. Habari ya mteja hakuitaja tena.

Tukasikia gari likisimama nje, milango ikafungwa, sauti ya mwanamke mtu mzima ikiuliza kama ni hapa, na sauti ya binti yangu ikijibu kwamba ni hapa. Halafu hatua. Halafu kimya kirefu kidogo, kama mtu ameinua mkono akasita. Halafu akabisha, mara mbili, taratibu.

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha vyombo. Nilijua wajibu wangu ni kwenda kufungua, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyosemwa katika nyumba ile, na aliyesema alikuwa amekaa mbele yangu. Sikwenda. Nilimtazama.

"Kitasa hicho hukiwezi," akasema. "Kinakwama."

Ni kweli. Kitasa cha fundi wa vitasa ndicho kibovu kuliko vyote mtaani. Ni lazima uunyanyue mlango kidogo huku unazungusha, na mimi nimekuwa nikiuweza kila siku ya maisha yangu. Aliinuka, akavuta shati lake chini, akatembea mpaka pale. Nilimwona akiinamisha kichwa karibu na mbao, kama anavyofanya kwenye milango ya watu, akisikiliza. Ufunguo ukazunguka mara moja, ukakwama. Akaunyanyua mlango kwa bega. Ufunguo ukazunguka tena, akafungua.