Kochi Lililoachwa Wazi

Walimwita Kodo kwa sababu ya kukodoa macho. Ukimtuma kununua uzi, unamkuta amesimama kando ya barabara anatazama ukuta uliobanduka rangi, mdomo wazi, uzi mkononi, na huku mteja anasubiri. "Huyu mtoto atagongwa na gari akiwa anashangaa tairi lake," mjomba wake alisema siku moja, watu wakacheka, jina likaganda.

Mtoto mwenyewe alikuwa keshaota ndevu. Lakini kwa mjomba, mtoto wa dada hakui. Mama yake alipofariki, mjomba alimchukua angali na meno ya utoto, akamlea, akamtia karakanani. Kazi ilikuwa kuvisha makochi. Yanakuja yamechanika, yamebonyea, yananuka watu. Wao wanayavua kitambaa, wanabadili sponji, wanakaza springi, wanayavisha upya. Dirisha lilikuwepo, ila makochi yalipandana mpaka yakaliziba, mwanga ukawa unaingia mlangoni tu, na mlangoni amekaa mjomba. Ukitaka kutoka unampita. Ukimpita, anauliza. Wala hakuuliza kwa ubaya, na hilo ndilo lililomfunga Kodo. Mtu mbaya unamtukana, unashika njia. Mtu aliyekuogesha kwa mikono yake utamwambia nini?

"Karakana hii ni yako," mjomba alipenda kusema, anapiga kiti chake cha mlangoni. "Mimi nikifumba macho, wewe unakaa hapa."

Kodo akikitazama kile kiti, ilikuwa kama anaonyeshwa kaburi lake halafu anaambiwa aseme asante.

Alikuwa na tundu moja tu la kupumulia. Jumamosi mchana, mjomba akishakula na kujinyoosha, Kodo anajikung'uta vumbi la sponji kichwani, anavaa shati lake la maana, anakwenda jumba la sanaa nyuma ya posta. Kuingia bure. Mara ya kwanza aliingia kwa kukimbia mvua. Akakuta chumba cheupe, katikati kuna rundo la ndala kuukuu, zote za mguu wa kushoto. Akakasirika. Akalizunguka lile rundo akitafuta ya kulia hata moja, hakuna. Alitoka amenuna, na wiki nzima kila mtu aliyepita karakanani alimtazama miguu kwanza. Ndipo akajua kwamba ameshanaswa.

Aliona picha kubwa ya bluu tupu, akaitukana kimoyomoyo, kisha akakaa mbele yake mpaka miguu ikafa ganzi. Aliona video ya mwanamke anasugua ukuta kwa mswaki, anasugua, anasugua, hamalizi. Ile ilimshinda, akatoka nje kuvuta pumzi. Hakuwa na maneno ya kisomi. Kazi nyingine aliziona upuuzi, na upuuzi aliupita kama anavyompita mlevi. Lakini ikitokea moja ikamkamata, ni mwiba wa samaki kooni: humezi, hutemi.

Mlinzi wa pale Kodo alimpa jina la Usiguse, kwa kuwa mwanzoni hakumsikia akisema neno jingine. Baadaye wakazoeana.

"Leo kuna wazimu gani?" Kodo anauliza mlangoni.

"Chumba cha mwisho," Usiguse akamjibu Jumamosi moja. "Nenda mwenyewe, kaka. Mimi nikikitazama kichwa kinagonga."

Chumba cha mwisho kilikuwa na kochi.

Kochi la watu watatu, la kahawia, limepasuliwa mgongo juu mpaka chini. Matumbo yote nje: sponji, magunia, springi zimevutwa na kufungwa kwa uzi mwekundu hadi ukutani, kama vile kochi limechoka kukaa ndani ya ngozi yake. Kodo akaganda. Tangu apate akili kazi yake ni kufunga. Likija limepasuka, funga. Isijulikane kuna mtu alilala hapa, alilia hapa, alifia hapa. Na hapa kuna mtu amethubutu kuliacha wazi. Kifuani mwake kitu kikalegea, kitu ambacho hata hakujua kimekazwa. Akasahau saa.

Aliporudi, mjomba alikuwa ameshaamka.

"Ulikuwa wapi?"

Kodo alikuwa amechoka kudanganya. "Kwa wasanii, mjomba."

Hapo akajichongea. Katika karakana ile msanii lilikuwa tusi, maana yake tapeli. Zamani alikuja bwana mmoja wa suti na maneno ya asali, akapakia seti nzima kwenye lori bila kulipa, eti anaipeleka hotelini kwake, na mpaka leo hoteli haijajengwa. Tangu siku hiyo fundi akilipua kazi, msanii. Muuza vitambaa akichelewa, msanii. Hata paka akiiba mboga, anafanya usanii.

"Wasanii," mjomba akarudia taratibu, akavua miwani. "Na unaniambia usoni."

"Si hao. Wasanii wa sanaa."

"Kwani wengine ni wa nini?"

"Wanafanya maonyesho. Watu wanakwenda kutazama."

"Wanatazama wenzao wakiibiwa?"

"Haibiwi mtu, mjomba. Kuingia ni bure."

Mke wa mjomba, aliyekuwa anakata kitambaa pembeni, akaguna. "Bure. Hata yule wa suti alitununulia soda."

Kila neno Kodo alilolishika lilimkata mkono. Akajaribu ubunifu, akajaribu hisia. Akasema kuna mtu kapasua kochi makusudi, akaona uso wa mjomba, akarudi kwenye sponji zake.

Mjomba hakufoka. Heri angefoka. "Mama yako hakuniachia kitu ila wewe," alisema. "Jumamosi ijayo twende wote. Nikikuta ni watu wa maana, siku hiyo ni yako, sitakuuliza tena maisha yangu yote. Nikikuta si watu, hukanyagi tena kule."

Kodo hakupata usingizi mzuri wiki ile. Siku moja kati ya saba, isiyo na swali mlangoni: hicho tu ndicho alichokuwa anakitaka duniani.

Jumamosi mjomba alivaa koti lake la harusi. Ukosini, kama ilivyo kwa nguo zake zote, ilichomekwa sindano ya makochi, ile iliyopinda, uzi umeshatungwa.

Walianza vizuri. "Shikamoo mzee," Usiguse alisema, na mjomba akaitikia marahaba kwa sauti ya kuridhika. "Vijana wana adabu," akamnong'oneza Kodo. Mbele ya ile bluu akatikisa kichwa. "Rangi nzuri sana hii. Wamebakiza kuchora." Kodo akacheka, na mjomba naye akacheka, na matumaini yakaanza kumwingia Kodo.

Chumba cha mwisho mjomba alianza na kikaratasi cha ukutani. Akasoma kwa sauti: "Msanii." Akageuka. "Wamejiandika wenyewe, Kodo."

"Tazama kochi, mjomba. Tafadhali."

Mjomba akatazama. Akatazama muda mrefu, na uso wake ukalainika, kama mtu aliyefika wodini kumwona mgonjwa. "Maskini," akasema taratibu.

Kodo akajua limemshika. Na kwa kuwa yeye mwenyewe hapendi kutazamwa akiwa anatazama, akatoka, akamwachia mzee chumba. Akasimama mbele ya bluu, anawaza Jumamosi zake zote zijazo.

Aliporudi, koti lilikuwa sakafuni na mjomba yuko magotini. Nyuzi nyekundu alikwisha kuzikata kwa meno. Springi zimerudi ndani, mgongo nusu yake umefungwa.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Nawasaidia. Limewashinda, wakalitundika hivihivi. Shika hapa."

Na mkono wa Kodo, kabla kichwa hakijaujulisha, ukashika. Ukavuta kitambaa pale pale panapotakiwa, kama kila siku, na sindano ikapita.

Hivyo ndivyo Usiguse alivyowakuta. Alifungua mdomo kusema lile neno lake, akaona limechelewa. Nyuma yake viatu vya mama msimamizi wa jumba vinakuja. Usiguse akamsogelea Kodo sikioni. "Sema humjui. Sema umemkuta hapa. Kaka, nisikilize."

Mama akafika, akalitazama kochi, akashika kifua. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Huyu mzee kaja na nani?"

Mjomba bado yuko magotini, anatabasamu, anasubiri kusifiwa. Kodo akautazama mlango. Neno moja tu. Mzee atatolewa nje kwa heshima yake, naye Jumamosi ijayo atarudi.

"Ni mjomba wangu," alisema. "Na mimi nilishika."

Waliambiwa wasikanyage tena pale, wote wawili. Usiguse aliwatoa hadi nje na hakuinua uso.

"Watu hawana shukrani," mjomba alisema barabarani, anavaa koti. "Nimewafanyia bure kabisa. Na ule mshono uliuona."

Kodo aliuona. Ulikuwa mzuri, na hilo lilimchoma zaidi. "Lilitakiwa liwe wazi, mjomba." Sauti ilitoka kubwa, watu wakageuka. Hakuwahi kumpandishia sauti tangu azaliwe.

Mjomba akasimama. Hakukasirika. Aliinamisha sikio kama mtu anayetaka kweli kusikia. "Wazi kwa ajili gani, mwanangu?"

Kodo akafungua mdomo. Akatafuta. Alikuwa nalo kifuani, zima, zito, na halikuwa na jina ambalo mzee huyu angelipokea. Magari yakapita.

"Haya, basi," mjomba akasema kwa upole, akamshika mkono kumvusha barabara kama anavyomvusha tangu utotoni. Kodo akavushwa.