Historia ya Koko na Kidevu cha Baba Mdogo

Harufu ya matumbo ya mbuzi yanayooshwa kwa maji ya moto hunikaba koo hadi leo. Nikipita mtaani Murara penye msiba nikaikuta imetanda uani, huziba pua kwa kitenge na kukaza mwendo. Msidhani ni maringo, nyama ya mbuzi naila vizuri tu. Ni kwamba harufu ile hunirudisha kwenye matanga ya koko, mama mzaa baba, nilipokuwa na miaka kumi na miwili.

Kwetu hakuna anayezikwa bila historia yake kusomwa mbele ya watu: alizaliwa wapi, alibatizwa wapi, ameacha wajukuu wangapi. Kazi hiyo alipewa baba mdogo, kwa kuwa alikuwa na suti na sauti. Kalamu ikamshinda. Akanikalisha juu ya jiwe nyuma ya jiko, kando ya shangazi zangu waliokuwa wakikamua matumbo. "Weye andika, miye nitasoma," akasema, akaenda zake.

Niliandika nimebana pumzi, nzi wakitua kwenye karatasi. Ubatizo niliuweka, lakini niliandika pia kwamba koko alinusa maharage kabla ya kununua, na muuzaji akikasirika, alimnusa na yeye. Niliandika kwamba alitoka Butembo na mbegu amezificha kifuani, maana hakuwaamini watu wa lori. Nilipomaliza nilijiona mtu. Nilitaka jambo moja tu: mtu aseme, ameandika huyu mtoto, na ameandika vizuri.

Baba mdogo aliisoma kwa madoido. Watu walicheka, tena makaburini, kisha wakaangua kilio. Baba yangu, aliyekuwa amekaza uso tangu siku ya kifo, alijiinamia akalia mpaka mabega yakatikisika.

Tuliporudi, chakula kikapakuliwa. Mgeni mmoja akamshika baba mdogo mkono. "Papa, ile historia uliandika ilitumaliza!" Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa, mafuta ya mbuzi yakimchuruzika kidevuni hadi kwenye tai. Akayapangusa kwa kiganja, akakilamba kiganja. Shangazi mmoja akasema ni mimi niliyeandika. Mama akamkatiza upesi: "Wachana na yeye. Ni bintu ya batoto tu." Vitu vya watoto, ndivyo alivyoiita historia yangu.

Nilikimbilia nyuma ya choo nikatapika. Wakadhani ni harufu ya matumbo ya mbuzi. Kumbe kilichonichefua ni kile kidevu, na zaidi ya kidevu, maneno yangu mwenyewe. Yalikuwa yamepita katika mdomo ule, nami niliyaona machafu.

Nilikuja kuwa mwandishi, na kinyaa kile nikakua nacho. Kitabu changu kikitoka, sikifungui. Nikikutana na sentensi yangu mahali, nageuza uso. Mtu akinisifu, jibu hunitoka lenyewe: ni bintu ya batoto tu. Nikajidanganya kwamba hiyo ni adabu.

Mwaka jana nilialikwa kwenye shule moja ya Katindo. Msichana akanijia na kitabu changu, jalada limechakaa. "Mama, hii nilikuwa nasomea mama yangu ku hopitali," akasema. "Alikuwa anacheka sana, hata siku ya mwisho." Nami, kwa mazoea, nikamjibu lile jibu langu. Akanywea. Akakificha kitabu nyuma ya mgongo, kana kwamba amefumaniwa na kitu cha aibu.

Nilijichukia. Nilikuwa nimekitemea mate kicheko cha mama yake. Ndipo nilipoelewa kile ambacho mtoto yule nyuma ya choo hakukiona: alikodolea macho kidevu kimoja, akamsahau baba yake aliyekuwa akilia. Watu wamelia na kucheka kwa maneno yako, halafu wewe unawaambia maneno hayo ni takataka. Unyenyekevu gani huo? Ni dharau, tena ya kutia kichefuchefu.

Nikamwomba kitabu. Nikakifungua mbele yake, nikasoma ukurasa mzima polepole, masikio yakiniwaka moto.

"Niliandika miye," nikamwambia. "Na iko muzuri."

Akanitazama kama mtu anayemsubiri mzazi mzito wa kuelewa.

"Najua, mama," akasema. "Ndo maana niliileta."