Mabao Mawili ya Cyril Hebblethwaite

Shemeji yangu Cyril Hebblethwaite alirudi kutoka vitani mwaka 1946, akasajiliwa na timu ya mji wetu. Miaka minne alichezea kikosi cha akiba tu, kwa sababu mshambuliaji wa kwanza, Norman Tordoff, hakuwahi kuugua hata mafua. Kila akiomba kuhama, meneja wetu, Bwana Duckworth, alimjibu, "Tunakuhitaji." Na kanuni za siku zile hazikumruhusu mchezaji kuondoka klabu isipomwachia.

Novemba 1950 Tordoff akateguka kifundo cha mguu. Cyril akaingia, akafunga mabao mawili kabla ya mapumziko. Dakika ya sabini ukungu ukatanda uwanjani, mwamuzi akavunja mchezo, mabao yakafutwa. Mechi iliporudiwa, Tordoff alikuwa amepona.

Siku iliyofuata nilimkuta Cyril ofisini kwa Duckworth, ametoka mazoezini.

"Mabao gani?" meneja alikuwa akiuliza. "Hayamo vitabuni."

"Basi na mimi nifute humo vitabuni, niende zangu!"

"Aa, Cyril! Tunakuhitaji, bwana."

Cyril alivua viatu vyake vya mpira, akavibwaga na matope yake juu ya makaratasi ya meneja, akatembea na soksi kwenye mvua mpaka nyumbani. Dada yangu akampokea mlangoni.

"We mwanamume una wazimu? Soksi zenyewe nimemaliza kuzifuma jana!"

Wiki ile ile akaanza kazi katika kiwanda cha sufu. Uwanjani hakukanyaga tena, hata kutazama.