Désirée, kwa E Mbili Mwishoni

Rafiki yangu wa Akalla, kitongoji cha Stockholm, alikaa miaka mingi akitafuta mtoto. Yeye ni Mrundi, mimi Mkenya, na tulijuana kwenye chai ya baada ya misa, yeye akiongea Kiswahili cha Bujumbura, mimi cha Nakuru. Alipokwenda hospitali nilimsindikiza, maana Kiswidi chake wakati huo kilikuwa cha salamu tu. Mimi ndiye niliyemfasiria maneno ya daktari, mabaya kwa mazuri. Siku moyo wa mtoto ulipoonekana ukidunda kwenye skrini, alinishika mkono mimi. Mumewe alikuwa zamu kule uwanja wa ndege.

Nilikuwa na jina nililoliweka akiba. Ni la marehemu mama yangu, na nilikusudia kumpa binti yangu, lakini sikujaliwa, na nilikuwa nimeshaacha kungoja. Jioni moja jikoni kwake, mimba ikiwa kubwa, nikamwambia, "Akiwa msichana, chukua jina la mama."

Alilia. "Dada, hilo ndilo jina lake. Na weye ndiye mama yake wa ubatizo."

Niliwapigia simu ndugu zangu. Dada yangu mkubwa alipiga vigelegele hadi simu ikakwaruza.

Msichana akazaliwa. Nikienda kumtazama, nyumba nzima ilimwita "kitoto" tu. Niliambiwa jina litatajwa siku ya ubatizo, nami nikaona ni vizuri.

Siku hiyo nilivaa kitenge kipya nikapanda treni ya mapema kutoka kwangu Märsta. Mlangoni mwa kanisa padri akauliza, kama ilivyo desturi, "Mmempa mtoto huyu jina gani?" Niliwageukia wazazi nikitabasamu.

"Désirée," rafiki yangu akajibu.

Nilidhani la mama linafuata. Halikufuata. Nikaweka mkono begani kwa mtoto kama nilivyotakiwa, nikamkataa shetani na mambo yake yote kwa sauti ambayo sikuitambua.

Baadaye, tukipakua wali jikoni mwa ukumbi, nikamwuliza, "Imekuwaje?"

Hakuniangalia. "Usikasirike, dada. Hili Waswidi wanalijua, hata vikongwe wao wanaitwa hivyo. Hakuna mwalimu atakayelivunjavunja."

"Na la mama yangu?"

"Ni zuri, ila ni la kwenu. Watu wangeuliza limetoka wapi." Akafunika sufuria. "Halafu hili lina maana. Aliyetamaniwa. Si weye mwenyewe ulinisimulia habari za yule bibi wa kazini kwako?"

Nikakumbuka. Nahudumia wazee kwenye makao ya Upplands Väsby, na palikuwa na bibi mmoja wa Kiswidi mwenye jina hilo. Aliniambia wazazi wake walingoja hadi wakakata tamaa, ndipo akaja yeye, wakamwita aliyetamaniwa. Alisisitiza liandikwe kwa e mbili mwishoni, kwani kwa moja linakuwa la mwanamume. Kisa hicho nilimpa rafiki yangu kumtuliza, siku tuliyotoka kwa daktari mikono mitupu. Jina alilijua tangu kwao, ambako wavulana nao hupewa, lakini kisa alikitoa kinywani mwangu. Alichukua nilichosema kama mazungumzo tu, akaacha nilichompa kwa moyo wote.

"Aliyetamaniwa na nani?" nikamwuliza.

"Na sisi," akasema. "Wazazi wake."

Nikaweka upawa chini, nikachukua koti. Kwenye treni nililia mbele ya watu, nao, kama ilivyo kawaida ya huku, wakatazama dirishani. Dada yangu alipopiga kuuliza sherehe ilikuwaje, nilimwambia wameamua kumpa mtoto jina jingine. Akauliza kwa nini. Nikasema mtandao ni mbovu, nikakata.

Wiki kadhaa baadaye rafiki yangu alikuja kwangu na mtoto. Nikachemsha chai. Aliongea habari za baridi, za mume, za chekechea, na nikafahamu kwamba hakuja kuomba radhi. Kwake jambo lilikuwa limeshapita. Mtoto alinisinziia kifuani, na sikutaka kumrudisha.

Sasa amekuwa msichana mkubwa, na hunijibu kwa Kiswidi. Siku zake za kuzaliwa nafika na zawadi, naondoka kabla ya chakula. Namwita Désirée kama wote, hana kosa. Mimi na mama yake tunasalimiana vizuri, tunaulizana kazi. Jina la mama yangu hatujalitaja tena.